Mashine Iliyokunywa Pombe ya Mizimu

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia samaki, usijali, nakupa kwa ufupi. Naitwa Hiong. Nauza chapati za mayai na maziwa ya soya hapa mjini Huwei, na nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake mpaka siku nilipoamua kwamba mambo ya familia yetu hayatakaa tena kwenye kompyuta za watu.

Unajua wanavyosema, cha kuazima hakisitiri matako. Picha zetu, video zetu, hata sauti ya marehemu baba yangu, vyote vilikuwa vimewekwa kwenye kampuni fulani huko ng'ambo, ambayo siku ikiamka vibaya inaweza kutufungia mlango. Nikasema hapana. Nikachukua kompyuta kuukuu, nikaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wenye ugonjwa kama wangu, nikapakua programu huria, zile ambazo wenyewe wanazitoa bure na kila mtu ana ruhusa ya kuzifumua aone zimeshonwaje. Nikajitengenezea seva yangu. Seva ni kompyuta isiyolala. Kazi yake ni kukaa macho na kukupa mafaili yako popote ulipo.

Kwanza niliiweka jikoni, ikameza mvuke wa soya ikazima. Halafu nikaiweka chumbani, nikakosea kufungua folda, mtaa mzima ukapakua video yangu nikifanya mazoezi na chupi. Mpaka leo wateja wakija dukani wananiuliza kama kiuno kimepona.

Sasa kaa vizuri, maana hayo yalikuwa utani.

Baada ya aibu ile swali likawa moja: niiweke wapi? Mashine inataka umeme usiokatwa. Kwetu kila soketi ina adui yake. Mama anachomoa friji akisikia radi. Mke wangu Pi-yun anachomoa kila kitu akitoka, hata saa ya ukutani, ambayo haina waya, huwa anaitazama kwa wasiwasi.

Soketi moja tu haijaguswa tangu nyumba ijengwe. Ni ile ya taa mbili nyekundu za meza ya wazee waliotangulia. Taa zile hazizimwi, ije tufani, lije tetemeko.

Basi nikaipandisha mashine juu ya meza, katikati ya picha ya baba na bakuli la ubani.

Mama alirudi kutoka sokoni na kabichi kwapani, akasimama mlangoni.

"We Hiong, nani huyu?"

"Ni seva, mama."

"Amekufa lini?"

"Hajafa. Ni mashine."

"Kama hajafa, anafanya nini pale?"

Nikamwambia ukweli. Sauti ya baba imo humo ndani.

Hapo aliigeukia picha ya baba. Niseme kwa nini. Baba alikuwa mchezesha vikaragosi wa kundi la Nyota Nane. Mikono miwili, lakini sauti alikuwa nazo kama soko zima: mfalme, mlevi, binti wa kinyozi, simbamarara, wote walitoka koo lile lile. Alipofariki alituachia kaseti, na kaseti zikaliwa na ukungu. Niliwahi kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijawa unga. Basi kila kilichobaki cha baba duniani kilikuwa ndani ya lile boksi.

Dada yangu mkubwa, Li-hsueh, ndiye aliyerithi vikaragosi. Mikono ya baba anayo, sauti hana. Lakini siku hizi makundi mengi yanafungulia sauti iliyorekodiwa, mikono inafuata. Tulikuwa tumepanga kwamba siku ya kuzaliwa kwa Babu wa Ardhi, mungu wa hekalu letu dogo la mtaani, dada acheze hadithi ya baba, na sauti itoke kwenye mashine yangu. Ingekuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mama alikuwa amekataa kuisikiliza nyumbani. Nilimbembeleza sana, akakataa.

"Nyumbani baba yako alikuwa hasemi," aliniambia. "Nitamsikia jukwaani, huko alikokuwa anasema."

Nikamwahidi kwamba atamsikia. Mama ana miaka themanini na mbili na moyo unaorukaruka mapigo. Ahadi kwa mtu kama huyo si ya kuchezea.

"Haya," akasema sasa, akaweka kabichi chini. "Tumuulize mwenyewe kama anataka kukaa na huyu."

Akachukua vile vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akavirusha sakafuni mbele ya meza. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, marehemu amekubali. Vyote viwili vikalala chali.

"Anacheka," mama akasema.

Akarusha tena.

"Anacheka tena."

Mara ya tatu kimoja kikageuka.

"Amekubali. Lakini kwa shingo upande. Nakujua wewe, na yeye anakujua."

Mashine ikabaki. Nikaingia kwenye jukwaa letu la mtandaoni kujisifu. Mwalimu wangu kule ni mtu anayejiita Popo, sijawahi kumwona sura. Akaniandikia neno moja tu: "Pakiti?"

Nikajipiga kofi la paji la uso. Nilikuwa nimesahau pakiti.

Hapa kwetu mtu anayetunza mashine, awe wa kiwandani au wa chumbani kwake, anaweka juu yake pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, vile vyenye ladha ya nazi. Mashine inatulia. Usiniulize kwa nini. Wahandisi wenye shahada ukutani wanafanya, nami ni nani? Lakini iwe ya kijani, kwa sababu taa ya mashine yenye afya ni ya kijani. Ya njano inaleta kigugumizi. Nyekundu usiitaje. Isipitwe na tarehe, isifunguliwe, na juu ya yote isiliwe.

Nikanunua, nikaiweka. Mashine ikanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Pi-yun akapita na nguo za kufua.

"Nakala ya akiba ya sauti ya baba unayo?"

"Ninayo. Nimeiweka kwenye diski ya pili."

"Diski ya pili iko wapi?"

"Ndani ya mashine."

"Mashine ipi?"

"Si hii hapa."

Akanitazama, akaitazama mashine, akaenda zake kufua. Ningemkimbilia wakati ule ningekuwa nimepona. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimefungua mlango kwenye seva ili mtu yeyote duniani aweze kupakua hadithi za baba bure, ndiyo raha ya mambo huria, na nilikuwa nimekaa nikisubiri dunia ije. Dunia haikuwa na haraka.

Ikafika siku ya sadaka, mwezi mwandamo, mkesha wa sherehe ya Babu wa Ardhi. Mimi nilikuwa dukani nakaanga. Mama alipanga mezani kuku mzima, machungwa, keki za mchele, na vikombe vidogo vya pombe ya mchele. Ubani ukawashwa. Sasa, wenzangu, sheria ya meza ile mtoto mdogo anaijua: ubani ukiisha, wazee wameshakula utamu wa chakula, na kinachobaki kinateremshwa kiliwe na walio hai. Ni baraka. Kukiacha pale ni dharau.

Niliporudi nyumbani, harufu ya nazi ilinipokea mlangoni.

Mama alikuwa amekaa na jirani yetu, Bi Tsai. Kati yao palikuwa na pakiti ya kijani imepasuliwa. Bi Tsai alikuwa akilamba kidole.

"Mama, mnakula nini?"

"Vya mezani."

"Hivyo vilikuwa vya mashine."

"Imeshakula. Ubani umeisha."

"Mama, ile haili."

"Kama haili, uliiwekea ya nini?"

Bi Tsai akanisogezea pakiti. "Chukua, mwanangu. Vimebaki vitatu."

Wakati huo nikasikia mlio. Pii. Pii. Piiii. Nikageuka. Taa ya kijani ilikuwa imekuwa nyekundu, na mashine ilikuwa ikitetemeka kama mtu wa malaria.

"Mama, kile kikombe juu yake ni cha nini?"

"Cha kwake. Kila aliyeko mezani anapewa kikombe. Nimmiminie baba yako, nimmiminie babu yako na bibi yako, halafu yeye nimnyime? Mimi si mchoyo."

"Kilikuwa na kitu ndani?"

"Kilijaa mpaka mdomoni."

Kikombe kilikuwa kimelala ubavu. Ndani hapakuwa na tone. Mashine ilikuwa na matundu juu, ya kupumulia, na matundu yale yalikuwa yamekunywa yote. Ikatoa mlio mmoja mrefu, ikazima.

Pi-yun akaingia, akavuta hewa puani.

"Imelewa," akasema.

Nilikaa chini sakafuni. Sina haja ya kujifanya mwanaume hapa, nililia. Hadithi itakayochezwa kesho yake, sauti ya baba yote, mfalme na mlevi na simbamarara, vilikuwa vimezama kwenye kikombe kidogo kuliko yai. Na mama alikuwa bado hajajua. Alidhani mgeni amelala.

"Hawezi pombe," alimwambia Bi Tsai. "Vijana wa siku hizi."

Nikaibeba mashine mbiombio kwa fundi Chuang, karibu na soko. Fundi Chuang ana vyeti ukutani kuanzia dari mpaka sakafu, na miwani ya kukuza iliyofungwa kwenye paji la uso. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza akiitikia kwa kichwa, akachukua bisibisi, akakaribia, akasimama.

"Pakiti ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Iko wapi?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Ililiwa."

Akairudisha bisibisi mahali pake.

"Fundi, tatizo ni pombe."

"Pombe naikausha. Pombe ni kitu cha kawaida, nimeshakausha supu, nimeshakausha mkojo wa paka. Lakini mashine iliyoliwa pakiti yake siigusi mpaka itulizwe. Mwaka juzi kuna mwenzangu aligusa. Printa ya dukani kwake mpaka leo inatoa karatasi tupu."

"Itulizwe vipi?"

"Pakiti mpya, kijani, nyingi. Na aliyekula aiombe radhi."

Nikampigia mama simu. Nikamweleza.

"Mimi niiombe radhi mashine," mama akasema. "Mimi. Mgeni anakuja kwangu, anakunywa kikombe kimoja, analewa, anaanguka, halafu mimi ndiye wa kuomba radhi. Mwambie huyo fundi wako aje hapa aniambie mwenyewe."

Fundi alisikia. Mama alikuwa akimjua tangu akitembea bila suruali. Akakohoa.

"Mwana anaweza kumwombea mzazi," akasema.

Basi nikanunua katoni nzima. Nikawasha vijiti vitatu vya ubani, nikasimama katikati ya duka la fundi, mbele ya kompyuta inayonuka kilabu, nikainama. "Mheshimiwa seva," nikasema, "nakuomba radhi kwa niaba ya mama yangu mzazi na Bi Tsai." Wateja wawili waliokuja na simu zao nao wakainama, bila kujua tunamwinamia nani. Huku kwetu mtu akiinama mbele ya ubani, unainama kwanza halafu unauliza.

Fundi akaridhika. Akafungua, akakausha, akapuliza. Diski moja ilikuwa imekufa kabisa. Ya pili ilikuwa na pumzi. Nikamwandikia Popo, Popo akanielekeza programu ya bure ya kuokoa mafaili yaliyopotea, nikaipakua, tukaiacha ifukue. Ilifukua usiku kucha, na asubuhi yake ikawa bado inafukua. Ngoma za hekaluni zilikuwa zimeshaanza kusikika ilipotoa mlio wa furaha.

Nikatazama. Baba ya Kwanza. Baba ya Pili. Baba ya Tatu. Majina yote yalikuwepo, yamepangana kama askari.

"Fundi, Mungu akuzidishie."

"Sikiliza kwanza angalau moja," fundi akasema. "Hizi programu za kufukua huwa zina..."

Sikusikia huwa zina nini. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki.

Hekalu la Babu wa Ardhi liko kwenye njia ya mashamba ya vitunguu saumu. Ni dogo, watu sita wakiingia wa saba anasubiri nje. Jukwaa la vikaragosi linasimama likilitazama hekalu, maana mtazamaji mwenyewe ni mungu. Binadamu wakija, ni nyongeza. Mara nyingi dada amecheza mbele ya mungu, mbwa wawili na mzee aliyesinzia.

Siku ile watu walijaa. Habari ilikuwa imeenea kwamba marehemu atasema. Mama alikuwa mbele kabisa, amevaa koti lake la harusi za watu, nywele amezitia rangi. Alikuwa ameshikilia mkoba magotini kwa mikono miwili. Sijamwona mama akikaa hivyo hata siku ya daktari.

Tena palikuwa na jukwaa la pili, bega kwa bega na letu. Mtu mmoja aliyeuza shamba vizuri alikuwa na nadhiri yake kwa mungu, akakodi kundi la Mawingu Saba, la Mzee Hung. Nikimtaja Mzee Hung mbele ya baba enzi zile, baba alikuwa anaacha kula. Wakikutana njiani, mmoja alivuka barabara. Sikuwahi kujua sababu. Tulikuzwa tukijua kwamba Mzee Hung ni mtu wa kuvukiwa barabara, basi, kama watoto wengine wanavyokuzwa wakijua kwamba kisima ni kirefu.

"Iko tayari?" dada akaniuliza nyuma ya jukwaa. Jenerali mwenye ndevu alikuwa tayari mkononi mwake.

"Iko tayari."

"Umeisikiliza?"

"Majina yote yapo, dada."

"Sijakuuliza majina."

Ngoma zikapigwa. Jenerali akatoka, akazunguka jukwaa, akapangusa ndevu, akainua kidole kuwahutubia askari wake. Nikabonyeza.

Kwenye spika ikatoka sauti ya msichana mchangamfu.

"Karibu, rafiki mgeni. Leo tunaanza somo la kwanza la kuhifadhi mafaili yako nyumbani kwako. Usiogope. Kila mtu alianza hajui."

Nilimtambua. Alikuwa yule mwalimu wa masomo ya wanaoanza, niliyempakua mwanzoni kabisa. Majina yalikuwa ya baba, waliomo ndani walikuwa wengine.

Dada yangu amezaliwa kwenye kazi ile. Mkono haukusita. Jenerali akaitikia kwa kichwa, akaweka mikono nyuma.

"Jiulize," msichana akasema, "nakala yako ya akiba iko wapi?"

Jenerali akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akachungulia chini ya meza ya kifalme. Watu wakaanza kucheka.

"Kama iko ndani ya mashine hiyohiyo, basi huna nakala."

Jenerali akachomoa upanga akajichoma. Alikufa polepole, kwa hatua, na kila alipodhaniwa amekufa alifufuka akatafuta nakala mara moja zaidi. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Pi-yun, aliyekaa karibu na mama, alificha uso kwenye mtandio.

Nikafungua Baba ya Pili. Mabata yakilia ziwani. Nikafungua Baba ya Tatu. "Moja, mbili, vuta pumzi, shuka," ilikuwa sauti yangu mwenyewe, na mtaa mzima uliitambua. Wakaanza kuhesabu pamoja nami. Jenerali maskini akafufuka akachuchumaa.

Mama hakucheka. Alikuwa akiitazama spika. Kila nilipobadilisha faili alijiinua kidogo, na kila ilipotoka sauti nyingine alijirudisha. Nikafungua yote mpaka ya mwisho. Baba hakuwemo hata kwenye moja.

Nikashuka jukwaani nikamwendea. Nilipiga magoti mbele yake, watu wote wakiona.

"Mama, nimempoteza."

Akanipapasa kichwa. "Najua, mwanangu. Nimeona tangu yule binti."

Ndipo baba akakohoa.

Sikukosea. Baba alikuwa na kikohozi chake cha kuanzia, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Kilitoka jukwaa la pili. Kisha akaingia mfalme, kwa sauti ile ile nene niliyolala nayo utotoni, akiuliza nani amemfungia farasi wake njaa. Watu waliacha kucheka, wakageuka mmoja mmoja.

Furaha niliyoipata siwezi kukueleza. Kumbe dunia ilikuja. Kumbe kuna mtu alipita mlango wangu uliokuwa wazi, akapakua. Mwizi wetu ndiye aliyekuwa nakala yetu ya akiba.

Nikakimbilia nyuma ya jukwaa la Mawingu Saba. Wanafunzi wake ndio walikuwa wakichezesha. Mzee Hung mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatafuna tambuu.

"Mzee, shikamoo. Uliipakua kwangu, sivyo? Wala sina ugomvi. Nimekuja kuomba nakala tu."

"Nilipakua nini?"

"Sauti. Kwenye mtandao."

"Mimi simu yangu ni ya vitufe, kijana." Akasogeza mguu. Nyuma yake palikuwa na redio ya kaseti, ya zamani, magurudumu mawili yakizunguka. "Hii ninayo tangu ndevu zako hazijaota."

"Nani alikupa?"

Hakunijibu. Alielekeza kidevu kwenye upenyo wa pazia. Nikachungulia.

Mama alikuwa amehama. Alikuwa amekibeba kigoda chake cha plastiki, amekaa mbele ya jukwaa la Mzee Hung peke yake.

Hapo ndipo akili ikanirudi nikaanza kusikiliza maneno. Hadithi ile sikuijua. Nilizijua hadithi zote za baba, nilizipanga kwa mkono wangu, hii haikuwemo. Halafu akaitika binti wa mfalme, na haikuwa sauti ya baba aliyejibana pua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, changa, tamu, inayojiamini. Midomo ya mama ilikuwa ikienda nayo neno kwa neno. Mama, ambaye maisha yake yote alituambia hajawahi kukanyaga jukwaa.

Nikatoka nikamwendea. "Mama, huyu ni wewe?"

"Kaa chini, Hiong," akasema, bila kuondoa macho jukwaani. "Na wewe umo."

Kwenye spika akalia mtoto mchanga. Kikaragosi cha binti kikasimama, hakikuwa na la kufanya. Baba akaacha kusema katikati ya sentensi ya mfalme. Kilio kikaendelea kidogo, kisha mwanaume akaanza kumbembeleza mtoto, karibu kabisa na kipaza sauti. "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza, baba yako niko hapa."

Baba yangu alikuwa na sauti nyingi, lakini nilizijua zote. Ile haikuwa mojawapo.

Niligeuka. Pazia la pembeni lilikuwa limefunguliwa. Mzee Hung alikuwa amesimama, ameacha kutafuna, na midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno yale.